Kisima cha Magadi cha Mkwe Wangu

Sehemu ya Sita

Mliniacha Jumapili mchana, nimepiga magoti korongoni, mkono mmoja umeshika bomba, na nyuma yangu mtu anakohoa.

Kwa aliyekosa gazeti nimrudishe haraka. Mimi ni Elina, fundi wa rangi wa kikundi cha kina mama wa batiki, nje kidogo ya Ilongero. Serikali ilitujengea mtambo wa kusafisha maji machafu ya rangi: tangi la kwanza la kutuliza uchafu kwa shabu, tangi la pili la mchanga na mkaa, na mwisho kibwawa chenye perege kumi. Hao perege ndio mashahidi. Wakiogelea, maji yametoka salama. Mimi nikapelekwa Dodoma wiki mbili kujifunza, nikarudi na cheti, na ufunguo wa mtambo shingoni.

Somo la kwanza tulilofundishwa ni hili. Kitambaa kikishachemshwa kutoa nta, maji yaachwe yapoe kabisa, nta igande juu, iondolewe, ndipo maji yaingie kwenye mtambo. Mimi nilikuwa na haraka ya sare za kwaya, nikayamwaga yakiwa ya moto. Kesho yake nta ilikuwa imeganda ndani ya tangi la pili, mkaa wote umeshikana kama mafuta ya ng'ombe kwenye kibuyu. Mtambo wa serikali nimeuua ndani ya wiki tatu.

Ningesema siku ile, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Sikusema. Nilitandika bomba kutoka kwenye karo hadi korongoni, nikalifukia kwa mchanga. Kibwawa nikakijaza maji safi ya kioski, na perege wakanenepa. Miezi miwili nikasifiwa kwa kazi ambayo mtambo haukuifanya.

Haya, turudi kwa mtu aliyekohoa.

Alikuwa Mzee Alute. Ni baba yake Derick, aliyemwoa binti yangu Catherine. Kwa hiyo ni mkwe wangu, mtu ambaye hata kicheko mbele yake nakipima.

"Shikamoo, mkwe," nikasema, nikajiketisha juu ya bomba kama mtu aliyechoka na jua.

"Marahaba, Mama Catherine. Na wewe habari zimekufikia?"

"Habari gani, mkwe?"

"Njoo uone mwenyewe. Mungu amenikumbuka."

Akanipeleka kwenye kisima chake, hatua kama arobaini kushuka korongo. Kiangazi kila kaya kwetu huchimba kisima chake mchangani na kukizungushia miiba. Ng'ombe wake walikuwa wameubomoa uzio, wanasukumana, wanalamba hadi mchanga.

"Onja," akasema.

"Nionje nini, mkwe?"

"Maji! Yamegeuka magadi. Miaka yote natembeza ng'ombe nusu siku kutafuta chumvi, leo chumvi imenifuata korongoni. Mlenda wa nyumbani kwangu sasa unaiva kabla maji ya ugali hayajachemka."

Kama umekulia kwetu, huhitaji kuelezwa. Mlenda bila magadi hauliki, na ng'ombe asiyelamba chumvi haneemeki. Mtu ambaye kisima chake kimetoa magadi ni mtu aliyepewa.

Nikachovya vidole viwili. Maji yakateleza kama sabuni.

Utelezi ule nautambua hata nikiwa usingizini. Ni kostiki, yale magadi makali ya dukani tunayoyeyushia rangi, ambayo hatuyashiki bila glavu. Na pamoja nayo kulikuwa na rangi zenyewe, na ule unga mweupe wa kufungulia rangi, wenye harufu ya mayai viza. Vyote nilivimwaga mimi. Mchanga ulichuja rangi, maji yakabaki meupe na sumu ndani yake.

"Mkwe," nikasema, "haya maji yangepimwa kwanza."

"Yapimwe na nani? Ng'ombe wangu wameshayapima."

"Basi yaachwe ya mifugo tu. Watu wasiyatumie."

Akacheka hadi akakohoa tena. "Sawa, sawa, fundi wetu wa Dodoma."

Ilikuwa rahisi kusema ni mimi. Sikusema. Nilimwogopa mkwe. Niliiogopa serikali. Nilimwogopa Mama Theresia, mwenyekiti wetu, ambaye alizunguka ofisi mwaka mzima kuuomba ule mtambo. Niliwaza Catherine ataambiwaje kwenye nyumba ile, binti wa mwanamke aliyewawekea sumu. Niliogopa kila kitu isipokuwa kile kilichostahili kuogopwa.

Ile "sawa, sawa" nikaikumbatia kwa sababu niliihitaji. Jioni nikalifumua bomba lote na kulificha chini ya kitanda, nikajiambia yamekwisha. Lakini yaliyokwisha kuingia mchangani hayakuwa na habari kwamba mimi nimetubu kimyakimya.

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Alhamisi ndiyo siku Bwana Emilian, afisa wa mradi, alisema atakuja kupima.

Akaja Jumatano.

Nilikuwa nasuuza vitambaa niliposikia gari. Mama Theresia akashuka kwanza, kilemba kimekaa upande kwa furaha.

"Elina! Mgeni kawahi. Tena hataki tumsumbukie, anataka atukute tulivyo."

"Karibu, Bwana Emilian," nikasema.

"Ahsante, Bi Elina. Tuanze na mashahidi wako."

Akainama kwenye kibwawa. Perege wakamkimbilia wakidhani ni chakula. Akatoa kijitabu cha vikaratasi vya kupimia maji, akachovya kimoja, akakilinganisha na rangi zilizochapwa kwenye jalada. Akachovya kingine. Akakisogeza juani.

"Hii siielewi," akasema.

"Nini, bwana?" Mama Theresia akauliza.

"Ni safi mno. Hata maji ya kioski hayapiti haya."

Mama Theresia akapiga vigelegele.

"Bi Elina, nimezunguka vikundi vyote vya kanda hii. Wengi mtambo umewashinda. Nataka uende ukawafundishe wenzako wa Sepuka na Iguguno. Nitaliandika jina lako leo."

"Ni neema ya Mungu," nikajibu. Naomba anisamehe kwa kumwingiza.

"Sasa nifungulie tangi la pili, nione hali ya mkaa."

Ufunguo ulikuwa shingoni, ndani ya blauzi, umenata kwa jasho.

"Nimeusahau nyumbani, bwana."

Mama Theresia akanigeukia. "Elina? Wewe huo ufunguo si unaoga nao?"

Ndipo aliyeniokoa akatokea, au niliyedhani ananiokoa. Mzee Alute aliingia uani na fimbo yake, amevaa koti lake la kanisani.

"Mgeni wa serikali hapiti kwangu bila kula," akasema baada ya salamu. "Kuku ameshachinjwa. Tangi halina miguu, mtalikuta."

Bwana Emilian akacheka, akafunga kijitabu. "Kuku wa Singida huyo, mzee, siwezi kumkataa."

Nikashusha pumzi. Sikuimaliza. Njiani mkwe akawa anazungumza na mgeni, mimi nyuma yao.

"Mwaka ni mzuri, ila kuna watu wana macho mabaya," alisema. "Juzi ng'ombe wangu mwekundu katupa mimba. Leo asubuhi mwingine tena. Wote walikuwa wazima, wananenepa."

Nikasimama katikati ya njia.

Catherine ana mimba ya miezi saba.

"Vipi, Elina?" Mama Theresia akauliza.

"Mwiba," nikasema, nikainama kuushika mguu usio na kitu.

Tulipofika, Derick hakuwepo, alikuwa ameenda Singida mjini. Catherine alitoka jikoni na jagi la maji ya kunawa. Akapiga goti kuwaamkia mkwe na mgeni, kisha akanijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mdomo una nini?"

Midomo ilikuwa imebabuka pembeni. Alipotabasamu niliona na ufizi umekuwa mwekundu.

"Vidonda tu, mama. Si unajua mambo ya mimba."

"Vimeanza lini?"

"Hata sijui. Kilichonitesa ni kiungulia, ila sasa nimepata dawa. Baba ananiletea yale maji yake ya magadi. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, kinatulia kabisa." Akashusha sauti. "Tena ndiyo nimepikia mlenda leo. Mgeni atajilamba."

Nilikuwa nahesabu. Jumapili jioni, kimoja. Jumatatu, viwili. Jumanne, viwili. Leo asubuhi, kimoja. Vikombe sita mwanangu alikunywa baada ya mimi kuchovya vidole na kujua.

"Mama, mbona unatetemeka?"

"Jua, mwanangu."

Tukaketi. Ugali wa uwele ukaja, kuku akaja, bakuli kubwa la mlenda likawekwa mbele ya mgeni. Mkwe akaomba sala fupi. Bwana Emilian akamega tonge, akalifinya, akanyoosha mkono.

Nikanyanyuka kama mtu aliyeng'atwa na siafu, nikalipiga bakuli teke.

Mlenda ukamwagika kwenye mkeka, ukamfikia mgeni magotini. Kwa mkwe, mbele ya chakula, mama mtu mzima anapiga bakuli teke. Hata nikieleza hadi gazeti liishe, mgeni wa nchi hii hawezi kuielewa aibu hiyo.

"Nilikuwa naona kama nge," nikasema.

Mzee Alute hakunitazama. "Catherine," akasema taratibu, "ondoa."

"Usijali, baba," binti yangu akajibu haraka, ananitetea maskini. "Kuna chungu kingine jikoni. Na magadi bado ndoo nzima."

Bwana Emilian alikuwa anajifuta suruali kwa kitambaa. Mkono ukasimama.

"Magadi ndoo nzima? Mnayatoa wapi?"

Mkwe akapata uhai tena. Akamsimulia yote, korongo, ng'ombe, mlenda unaoiva haraka. Mgeni alisikiliza, na tabasamu likawa linampungua usoni. Mwisho akaomba aletewe hiyo ndoo.

Akachovya kikaratasi.

Mnaopika batiki mnajua kitambaa kinavyobadilika kikipata hewa. Karatasi ile ilitoka ya manjano, ikawa kijani, ikawa bluu, ikaishia karibu na nyeusi. Aliilinganisha na jalada mara mbili, ingawa hakukuwa na haja.

"Mzee, juu ya kisima chako kuna nani?"

"Hakuna mtu. Ni hawa kina mama tu na mtambo wenu. Na umetoka kuupima sasa hivi."

"Ndiyo. Nimeupima."

Macho yake yakanigusa. Mama Theresia akawahi kabla sijapumua.

"Ni Melkizedeki!" akasema. "Yule mpika sabuni wa ng'ambo ya korongo. Anatumia kostiki, na masalia anamwaga hovyo. Sisi kwetu hata tone halitoki, Elina ndiye shahidi. Sema, Elina!"

Wote wakanitazama. Melkizedeki amefiwa na mkewe, ni mpole, ana watoto wanne. Sabuni yake naogea. Sijawahi kumwona akimwaga kitu korongoni.

"Elina, sema," Mama Theresia akarudia.

Nikainamisha kichwa. Nilikiinamisha tu, lakini wao wakaona nimekubali.

Mzee Alute akasimama, akachukua fimbo. "Ng'ombe wangu wawili," akasema. "Leo atanieleza."

Hapo ndipo nilipoogopa mara mbili, hofu juu ya hofu, nisijue nimkimbilie yupi, Melkizedeki au mwanangu. Nikageuka kumtafuta Catherine. Alikuwa mlangoni mwa jiko, na jagi limemponyoka. Mkono mmoja kashika mlango, mwingine kashika chini ya tumbo.

"Mama," akasema, "linabana. Mama, linabana kama jiwe."

Gari la serikali ndilo lililotupeleka zahanati. Nilimpakata kichwa kiti cha nyuma. Mara mbili alitapika, mara ya pili na uzi wa damu. Kila gari liliporuka alinibana vidole, nami nilikuwa nasema maneno ambayo siyakumbuki. Mkwe alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Melkizedeki alikuwa amesahaulika kwa muda.

Muuguzi wa zamu alikuwa Agnes, mtoto wa hapahapa, haraka kama cherehani. Akamlaza Catherine kitandani, akampima presha, akamtazama mdomoni kwa tochi, akakunja uso.

"Amekunywa nini huyu?"

"Maji ya magadi," mkwe akajibu.

"Magadi hayachomi hivi. Amekunywa nini?"

"Kuna mtu anamwaga masalia ya sabuni korongoni," Mama Theresia akasema. "Yameingia kisimani."

Agnes akachukua karatasi ya rufaa, akaandika mstari, kalamu ikasimama.

"Sabuni peke yake?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nisikilizeni. Gari la wagonjwa nimeshaliita, linampeleka hospitali Singida. Wale wa kule hawajui korongo lenu. Watatibu nilichoandika hapa. Nikiandika uongo, watautibu uongo. Kama kuna kingine kwenye hayo maji, nataka nikijue sasa, si kesho."

Chumba kilikuwa kidogo. Mkwe alikuwa ukutani, Mama Theresia mlangoni, Bwana Emilian nyuma yake. Catherine amefumba macho, anapumua kwa mdomo.

Msomaji, nimeogopa sana maishani. Nimeogopa radi, nimeogopa fisi, nimeogopa uchungu wa kuzaa. Sikuwahi kuogopa kama nilivyouogopa mdomo wangu mwenyewe saa ile.

"Kuna kingine," nikasema.

"Nini?"

"Kostiki ni yetu. Na unga wa kufungua rangi. Na rangi, bluu na zambarau zaidi. Na nta kidogo." Agnes alikuwa anaandika. "Si ya Melkizedeki. Ni mimi. Nimemwaga korongoni miezi miwili, kwa bomba."

Mama Theresia akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha mbaya. "Elina, una homa. Samaki si wapo?"

"Samaki wako kwenye maji ya kioski. Mtambo uliziba siku nyingi."

Nikauvuta ufunguo shingoni, nikamkabidhi Bwana Emilian. Aliupokea bila kunitazama, akabaki nao kiganjani kama hajui unafungua nini. Mama Theresia akateremka ukutani taratibu hadi akaketi sakafuni, kilemba kikamwangukia mapajani. Mwaka mzima wa kuzunguka ofisini ulikuwa unampita machoni, nami niliuona.

Mzee Alute akasema maneno machache ya Kinyaturu. Siyaandiki. Kisha akatoka nje, na fimbo yake akaiacha ukutani.

"Kiasi gani kwa siku?" Agnes akaniuliza. Hakuwa na muda wa kunichukia. Nikamwambia. Akaandika, akaitupa kalamu, akachukua ile pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto.

Akaiweka juu ya tumbo, akalaza sikio. Akahamisha. Akalaza tena. Akahamisha kulia.

"Mtoto alicheza lini mara ya mwisho?" akauliza.

Catherine akafumbua macho. Alinitazama mimi, na nikajua kwamba yote yaliyosemwa mle chumbani ameyasikia.

"Mama."

"Nipo, mwanangu."

"Jumapili baba aliniambia mlikutana kisimani. Alisema ulichovya vidole." Akameza mate kwa shida. "Kwamba ninayanywa, ulijua tangu lini?"

Jibu la kweli ni kwamba niliambiwa leo. Na jibu lingine la kweli ni kwamba Jumapili nilisikia mlenda wa nyumba ile unapikiwa maji yale, na ninajua ni nani anayepika kwenye nyumba ile.

Nikafungua mdomo.

"Nyamazeni wote!" Agnes akasema. Akainua mkono hewani, akaikandamiza ile pembe upande wa kushoto, chini kabisa, akafumba macho na kusikiliza. Binti yangu hakuondoa macho usoni pangu. Nami nilikuwa bado sijamjibu.